Nampeleka mama konseti Schönbrunn, makofi yanapigwa wakati gani?

mwanamvua_k
Habari za humu wadau. Mwezi ujao nitakuwa Vienna na mama yangu, ana miaka 70, na tangu niko mdogo redio ikipiga muziki wa Mozart anaacha kila anachofanya anakaa chini. Nataka nimpeleke konseti kwenye kasri la Schönbrunn ila sijawahi kuhudhuria muziki huu hata mara moja. Naogopa tusije tukapiga makofi mahali si pake watu wote wakageuka kutuangalia, mama ni mtu wa aibu sana, itamharibia usiku. Na nguo je, lazima tuvae rasmi? Siti za nyuma nimeona ni bei nafuu, zinafaa au nitajuta?

upinde_wa_fidla
Dada hongera, hiyo zawadi mama hataisahau. Kwanza mwambie mapema kwamba konseti nyingi za pale hazifanyiki kwenye vile vyumba vya dhahabu vya mfalme, zinafanyika Orangerie, jengo refu la pembeni ndani ya eneo la kasri, urefu karibu mita 189, lilijengwa kuhifadhi michungwa wakati wa baridi. Usione ni jengo la kutunzia miti ukadharau! Kwa ajili ya hiyo miti walipitisha hewa ya moto chini ya sakafu, ndiyo maana Kaisari Joseph II aliweza kufanyia sherehe humo tarehe 7 Februari 1786 katikati ya baridi kali. Meza za chakula katikati, jukwaa moja kila upande, kazi mpya ya Mozart upande huu na ya mtunzi mwenzake Salieri upande ule, wageni wanasikiliza moja kisha wanahamia nyingine. Mozart alilipwa dukati (sarafu za dhahabu) 50, Salieri 100, na mimi mpaka leo inaniuma.

Makofi sasa. Kazi moja ya muziki inakuwa na sehemu kadhaa, simfoni (kazi ndefu ya okestra nzima) mara nyingi nne, konchetu (mpiga ala mmoja akiwa na okestra) tatu, na kati ya sehemu na sehemu kunakuwa na kimya kidogo, hapo ndipo wageni wanapoteleza. Mwangalie anayeongoza. Okestra ndogo mara nyingi inaongozwa na mpiga fidla wa kwanza, akiwa bado ameshika upinde juu basi kazi haijaisha, akiushusha na kugeukia watu, pigeni. Au subirini tu wengine waanze, hakuna anayelaumiwa kwa kuchelewa kupiga makofi.

Babu Simfoni
Mwanangu, mama yako asiogope kabisa. Hii sheria ya kukaa kimya kati ya sehemu na sehemu Mozart mwenyewe hakuikuta. Julai 1778 alimwandikia baba yake kutoka Paris, anamweleza kwa furaha kubwa jinsi watu walivyopiga makofi katikati ya simfoni yake, muziki bado unaendelea, na yeye alikuwa ameiweka ile sehemu makusudi akijua itawagusa. Basi mama akiteleza kidogo atakuwa amefanya kile mtunzi alichokuwa anakitafuta. Heshimuni utaratibu wa ukumbi, ndiyo, lakini hofu muiache mlangoni.

rehani_safarini
Nguo safi ya kutokea inatosha, nilikuta watu wamevaa suti na wengine sweta tu, muhimu ni viatu visivyopiga kelele na simu izimwe kabisa, hiyo ya mtetemo nayo inasikika. Siti hapo usibane pesa. Kumbi hizi za zamani sakafu ni tambarare, hazipandi kama sinema, ukikaa nyuma unaona visogo, na mama mtu mzima atachoka kunyoosha shingo. Bora katikati karibu na njia.

Kama mna siku ya ziada nendeni Eisenstadt, kama kilomita 50 kusini, kwenye kasri la Esterházy. Mtunzi Haydn aliingia utumishi wa familia ile 1761, na ule ukumbi wao sakafu ya mawe ilifunikwa mbao kwa ajili yake ili sauti isirudi rudi. Mimi nilisikia kwartet humo, wapigaji wanne tu, ile selo, fidla kubwa ya sauti nzito, nilikuwa naisikia mpaka kwenye miguu, yaani muziki uko kwenye chumba cha ukubwa ule ule uliotungiwa, nikalia na sikuona aibu.

mwanamvua_k
Jamani asanteni, nimemsomea mama yote, ya barua ya Mozart amenirudisha nisome mara mbili. Siti nimechukua za kati karibu na njia. Ratiba inaonyesha nusu ya pili ni Strauss na mwisho kabisa Radetzky, hapo nako tutulie?

upinde_wa_fidla
Hapo hapana dada! Ile Radetzky ni muziki wa gwaride wa Strauss baba, wa mwaka 1848, Vienna watu wanapiga makofi ndani ya mdundo wenyewe, kiongozi anageuka anawaonyesha lini taratibu na lini kwa nguvu. Mwambie mama apumzishe mikono mpaka hapo.