Naomba ushauri: yaya, meneja wa shamba la mkonge, na sehemu ya tano inayonishinda

Mtunzi Aliyekwama
Ndugu zangu, nawasalimu nyote na kuwaomba mnivumilie, kwa kuwa hii ni wiki ya tatu silali vizuri. Ninaandika tamthilia ya televisheni yenye sehemu 6, inayotokea Tanga katika miaka ya 1950, kwenye shamba la mkonge. Meneja ni Mzungu. Nyumbani kwake wapo yaya aliyetoka Ngamiani, mpishi na dobi, na kule bondeni ziko kambi za manamba, yaani vibarua wa mkataba. Sehemu 4 za mwanzo zilinijia bila taabu. Sehemu ya tano, ambamo meneja na yaya wanapendana, kisha yaya anakwenda kupiga kura katika uchaguzi wa 1958, kila nikiisoma naiona kama nguo ya kuazima. Je, mapenzi ya namna hiyo yataaminika kwa mtazamaji?

Mzee wa Korona
Kabla ya mapenzi, tuelewane kwanza kuhusu huyo Mzungu. Ni Mzungu yupi? Kwenye mkonge wa Tanga walikuwapo Waingereza, walikuwapo Wagiriki, walikuwapo Waswisi. Mgiriki alikuwa bwana mkubwa mbele ya manamba, lakini mbele ya ofisa wa Kiingereza anayeishi Raskazone alikuwa mtu wa daraja jingine, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Ukiandika "Mzungu" tu, umeitupa nusu ya tamthilia yako. Tena usiisahau korona. Marehemu baba yangu aliifanyia kazi mashine hiyo ya kutoa nyuzi, na maji ya mkonge yalimla ngozi ya vidole hata uzeeni akawa anashika kikombe kwa viganja viwili, kama mtoto. Alikuwa akisema kwamba kipande, ile kadi ya kuandikia siku za kazi, kilikuwa cha siku 30 za kazi, na siku ambayo nyapara hakuridhika nayo haikuandikwa, kwa hiyo mwezi wa manamba haukufuata kalenda ya mtu yeyote. Kuhusu mapenzi sina la kusema.

Binti wa Barabara ya Nane
Mtunzi, umetuambia yaya alitoka mtaa gani, lakini hukutuambia anataka nini maishani mwake. Mtu anayebuni mhusika huanza na hilo la pili. Nakuuliza waziwazi: huyu yaya ni mtu wa kweli?

Mtunzi Aliyekwama
Sikudhani kwamba jambo hilo lina uzito katika swali langu.

Binti wa Barabara ya Nane
Lina uzito kuliko swali lenyewe. Jibu.

Mtunzi Aliyekwama
Basi, ni bibi yangu, mzaa mama. Yu hai, tunaishi nyumba moja, na hajui kwamba nimemwandikia mapenzi na mwajiri wake, ambayo, kwa kadiri alivyonisimulia, hayakuwapo. Lakini msinihukumu haraka. Jina nimelibadilisha, shamba sikulitaja, na macho yake hayawezi tena kusoma. Isitoshe, mkataba nimekwisha kuutia saini na malipo ya awali nimeyapokea. Mwongozaji ndiye aliyesisitiza kwamba pasipo mapenzi hakuna atakayetazama, naye ana uzoefu kunishinda.

Ustadhi Mpole
Mwanangu, kumzushia mwanamke uhusiano na mwanamume ambaye hakuwa mumewe ni jambo zito, na huzidi uzito anapokuwa mzazi wako. Kutoona kwake hakukupi ruhusa, kunakuongezea dhamana. Rudisha fedha za watu.

Fundi Cherehani
Ustadhi, fedha za malipo ya awali hazirudi, hata zikiitwa kwa adhana. Mimi najitolea kushona mavazi: kaptula ya kaki ya meneja yenye marinda mawili, iliyotiwa wanga hadi inasimama yenyewe. Ila bibi naye apewe fungu lake, maana yeye ndiye aliyefanya mazoezi yote.

Karani Mstaafu
Mniwie radhi, mimi naitilia shaka habari nzima. Katika uchaguzi wa 1958 haikutosha mtu kuwa na miguu ya kumfikisha kituoni. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au wadhifa uliotambuliwa. Pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000, yaani 250 kila mwezi. Ni yaya gani aliyelipwa hivyo? Tena ilikuwa kura tatu: mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, sharti ambalo karibu liigawe TANU kwenye mkutano wa Tabora mwezi wa Januari mwaka huohuo. Mjukuu aliyesimuliwa na bibi yake asingekosea hapo. Nadhani bibi hayupo, na tunatumiwa kumalizia kazi ya mtu.

Mtunzi Aliyekwama
Kura ni ya mwongozaji, si ya bibi. Alichonisimulia bibi ni hiki. Alimlea mtoto wa kiume wa meneja tangu akiwa na miezi minne, na maneno ya kwanza ya mtoto yule yalikuwa Kiswahili. Alikuwa akila ugali wa bibi jikoni, kule nyuma ya nyumba, katika bakuli la bati la bibi, na akimwita mama pale memsabu asiposikia. Alipofikisha umri wa shule akapelekwa bweni Lushoto. Likizo ya kwanza aliporudi, bibi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake mezani, hatua mbili tu. Mtoto alitaka maji. Hakugeuka, alinyoosha mkono akachukua kengele ya mezani, akaipiga.

Karani Mstaafu
Bado sijui kama una bibi. Lakini kengele hiyo naiamini kuliko kura, na kuliko mapenzi.

Binti wa Barabara ya Nane
Na hiyo kengele iko katika sehemu ya ngapi?

Mtunzi Aliyekwama
Haimo. Mwongozaji alisema ni jambo dogo, linakwisha kwa dakika moja.

Mzee wa Korona
Hujanijibu. Meneja alikuwa Mwingereza au Mgiriki?

Mtunzi Aliyekwama
Nimetoka kumuuliza bibi sasa hivi. Anasema bwana alikuwa Mwingereza na memsabu alikuwa Mgiriki, ndiyo maana wageni hawakuwa wakija, na jioni memsabu alizoea kukaa jikoni na watumishi, akimenya vitunguu ambavyo hakuna aliyemwomba amenye. Hilo hakuwahi kuniambia. Kisha akataka kujua kwa nini namuuliza maswali haya usiku. Nimemwambia kwamba naandika barua.

Binti wa Barabara ya Nane
Barua kwa nani?