Mjadala: Fedha za kikundi zilipe matembezi Zanzibar, au zilipe watu kupumzika?

Mleta mada

Wadau wa Moshi na Arusha, habari za jioni. Naleta suala lililotugawa kwenye kikao, na najua haligawi kikundi chetu peke yake. Vikundi vingi vya watu wa mlimani na wa safari za watalii vinaweka akiba ili msimu ukikata, wanachama na wenza wao waende Zanzibar. Kamati yetu imeleta ratiba: pomboo wa Kizimkazi alfajiri na msitu wa Jozani mchana, kesho yake kobe wa kisiwa cha Changuu na fungu la mchanga la Nakupenda, halafu mashamba ya viungo, na siku ya mwisho boti ya kwenda kuogelea kisiwa cha Mnemba. Gharama zote zinatoka mfuko mmoja.

Mimi napinga. Msimamo wangu ni kwamba fedha ya pamoja ilipe nauli, kitanda na chakula, iishie hapo. Anayetaka kupanda boti au kuzamia alipe mwenyewe.

Kwanza tuiangalie miili yetu. Mgumu, yaani mpagazi, aliyemaliza msimu amebeba kilo 20 kichwani juu ya begi lake mgongoni. Ameamka kambi ya Barafu usiku wa baridi kuchemsha maji ili wanaokwenda kileleni waondoke saa sita, kisha ameshuka njia ya Mweka magoti yakiwaka moto, na kabla hayajapoa akapanda tena na kundi lingine. Dereva naye msimu mzima kaungana na usukani, Arusha hadi Serengeti na kurudi, barabara inamtingisha mpaka kiuno kinakufa ganzi. Mtu huyu ukimwamsha saa kumi na moja akafukuze pomboo, umempa kazi nyingine, na safari hii anailipia yeye.

Pili, ratiba hii ni ya mgeni kutoka Ulaya. Yeye amelipa ndege ya mbali, hajui kama atarudi, ana haki ya kubanana na kila kivutio. Sisi Zanzibar ni nchini kwetu. Ni basi mpaka Dar na boti ya mwendo wa saa mbili hivi. Jozani haihami.

Tatu ni haki ya mchango. Wengi wetu wa milimani tumekua bila kujua kuogelea. Kwa nini mwanachama achangie Mnemba sawa na wenzake, halafu akae ameshika ukingo wa boti, anatapika, anasubiri wanaojua maji wamalize? Karibuni kwa hoja.

Mdau wa Sakina, Arusha

Kaka, nakuheshimu lakini hapa nakupinga kabisa. Mimi ni dereva wa safari. Wageni wangu wengi wakitoka Ngorongoro wanakwenda Zanzibar, na njiani wananiuliza: tulale Nungwi au Paje? Jozani kuna nini? Majibu yangu mengi ni ya kusikia kwa watu. Anayekula kwa utalii lazima aone kwa macho yake, kuona ndiyo mtaji wetu.

Halafu nani kasema matembezi yote yanachosha? Jozani unazunguka kwa mwendo wa taratibu, unaona kima punju, mnyama ambaye nje ya Zanzibar humpati porini popote duniani. Unapita juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko, unarudi jua halijakolea. Aliyepanda kilele cha Kibo anaita huo uchovu?

Hilo la kulala nalo nina wasiwasi nalo. Wanaume waliozoea mwendo ukiwaweka siku nzima bila shughuli, saa nne asubuhi chupa ziko mezani. Akiba ya mwaka mzima inaishia baa. Ratiba inailinda fedha ya kikundi.

Mdau wa Ngarenaro, kwao Makunduchi

Asalaam aleykum. Nafanya biashara Arusha lakini nimezaliwa kusini Unguja. Mnabishana kulala au kutembea kana kwamba ninyi ndio mnaopanga. Kule anayepanga ni maji.

Nawaeleza ili mlinganishe na ratiba yenu. Pwani ya mashariki, Paje, Jambiani mpaka kwetu, maji yakipwa yanakwenda mbali sana, mpaka karibu na mwamba. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa inafika kama mita nne, na maji yanakauka saa nne, saa tano asubuhi. Mgeni anatoka na taulo begani anakuta mchanga, madimbwi na majani. Wako kina mama kwenye mashamba ya mwani, kanga zimekazwa kiunoni, wameinama wanafunga miche kwenye kamba zilizopigiwa vigingi. Hiyo ndiyo saa yao ya kazi. Maji yanarudi alasiri, na ikifika saa kumi yamejaa mpaka karibu na minazi. Baada ya wiki moja mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Hayapwi sana, hayajai sana, na saa zake zimeshabadilika, maana kila siku yanachelewa kama dakika 50.

Nungwi na Kendwa, kaskazini, ni tofauti. Kina kinaanza karibu, unaoga saa yoyote. Kwa hiyo anayetaka kulala na kuamkia majini aende huko. Anayelala Paje akitarajia kuoga kila asubuhi atarudi Moshi analalamika, na hoteli haina kosa.

Na upepo je? Wale wanaovutwa na kishada juu ya maji pale Paje wanafuata kusi, Juni hadi Septemba, na kaskazi, Desemba hadi Machi. Ninyi mnasafiri msimu wenu ukikata, Aprili na Mei, yaani masika. Kipindi hicho upepo haueleweki, mvua inaweza kunyesha siku nzima, na boti inaweza isitoke. Vyumba mtapata kwa bei nafuu, baadhi ya hoteli mtakuta zimefungwa. Msilipe boti yoyote kabla ya kufika. Hilo ni kosa kubwa la kamati kuliko kuamsha watu alfajiri.

Nyongeza mbili. Chukueni viatu vya yeboyebo, kwenye miamba wamejaa wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wake ukivunjikia mguuni unauguza siku kadhaa. Na mkipita kijijini jisitirini. Nguo ya kuogelea ni ya ufukweni.

Mama wa Kiboriloni

Wanangu, nimesoma yote. Mimi ni mke wa mmoja wa hao wagumu. Kila mnaposema mapumziko nauliza: ya nani?

Najua mtakachofanya. Mtakodi nyumba yenye jiko ili kupunguza gharama, halafu chakula kitajipika? Nimeshakwenda pwani na familia. Mume wangu alilala chini ya mnazi kama alivyostahili, simnyimi, kazi yake naijua. Mimi nilikuna nazi, niliosha sufuria kwa maji ya chumvichumvi ambayo sabuni haitoi povu, nilitoa mchanga kwenye nywele za watoto na kwenye mashuka. Bahari niliiona dirishani. Siku niliyokaa nimekunja mikono ilikuwa siku tuliyotembezwa, kwa sababu mwenye boti alikuja na chakula chake, samaki wa kuchoma, matunda na maji ya kunywa, na watoto walikuwa na watu wengi wa kuwaangalia.

Ndiyo maana kina mama kwenye kikao walinyoosha mikono kuunga mkono ratiba. Hatuna habari na pomboo. Tulikuwa tunapigia kura siku ambazo hatupiki.

Mdau wa Pasua, Moshi

Mama kasema kweli. Mimi nataka kusema kuhusu pomboo tu, waondolewe kwenye ratiba hata kama mtatembea. Nilikwenda Kizimkazi. Pomboo wachache waliibuka, boti zote zikageuza vichwa kwa pamoja, injini zinanguruma, moshi umetanda juu ya maji, nahodha anapiga kelele "ruka, ruka!" Watu wakarukia mbele ya wanyama. Pomboo wakazama, wakaibuka mbali, boti zikawafuata tena. Hivyo hivyo mpaka walipotokomea. Sisi ambao mlimani na porini tunamkataza mgeni kumsogelea mnyama, tunakwenda kufanya nini pale? Kizimkazi kuna msikiti wa kale wenye maandishi ya mwaka 1107. Nendeni mkauone huo, na hamumsumbui yeyote.

Mdau wa Njiro, Arusha

Mimi nazamia na mtungi, na ratiba ya kamati ina hatari ambayo sijaona mtu akiigusa. Mnemba imewekwa siku ya mwisho. Mkiogelea juu kwa miwani na mrija, hakuna shida. Lakini akitokea mwanachama akazamia na mtungi, naitrojeni inaingia mwilini chini ya mgandamizo wa maji na inahitaji muda kutoka. Akipanda ndege mapema, shinikizo la hewa linapungua na naitrojeni inafanya mapovu kwenye damu na viungo. Watu hupooza kwa hilo. Ushauri wa kawaida ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja na angalau saa 18 ukizamia zaidi ya mara moja. Wengi tunakaa siku nzima.

Wanaorudi kwa ndege kuja KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, wazingatie hilo, na anayerudi kazini kupanda mlima pia, maana urefu ni urefu, hata ukipanda kwa miguu. Mlima kwanza, bahari baadaye. Kama kuzamia kumo, kuwe siku za mwanzo, na siku za mwisho ndizo za kulala.

Mleta mada

Asanteni. Nimesoma mara mbili, na ya Mama wa Kiboriloni nimemsomea mwenyekiti kwa simu. Shikamoo mama.

Mdau wa Sakina, hoja yako ya kuona kwa macho ina uzito kwa dereva na mwongoza watalii. Lakini mpishi wa mlimani hapati mgeni wa kumweleza habari za Jozani, na mkewe pia. Kama ni mtaji wa kazi, mwenye kazi agharimie, au aiombe kampuni yake. Kuhusu baa, mtu mzima hawezi kuwekewa ratiba ya pomboo ili asinywe. Wa kunywa atakunywa hata akitoka Changuu.

Pendekezo langu nitakalolipeleka Jumamosi limekuwa hivi. Mfuko ulipe nauli, kitanda upande wa Kendwa au Nungwi, na chakula kinachopikwa na watu wa huko, milo yote. Nyumba yenye jiko tusiipokee hata kwa nusu bei. Tofauti ya gharama itoke kwenye fedha ya Kizimkazi, viungo na Changuu. Mfuko ulipe pia boti moja, siku moja, kwa wote wanaotaka, pamoja na chakula ndani yake na jaketi za kuokolea maisha tuzihesabu wenyewe kabla hatujapanda. Siku hiyo tuichague tukishafika, kwa kuangalia mvua na maji, na malipo yafanyike siku hiyo. Mengine yote kila mtu na mfuko wake, na wanaozamia wamalize mapema kama alivyosema mdau wa Njiro.

Bado sijakubali ratiba ya kila siku, na sitaikubali. Mtu ana mwaka mzima wa kuamshwa.

Kwenye kikao kutabaki suala la watoto. Kama wanakwenda, nani anawaangalia saa ambazo mama zao wamelala? Kina baba tuje na majina yetu kwenye karatasi, kwa zamu, kabla hatujafungua ajenda ya vyumba. Langu naliandika la kwanza.