Gemu la mtandaoni linaweza kufanya watu waweke majina kwenye picha?

mvuvi_data: Wakuu habari za saa hizi. Nina maelfu ya picha za samaki tumezipiga pale soko la Feri ila hazina majina, kutafuta picha moja ni kazi kwelikweli. Jamaa kaniambia nitengeneze gemu, watu wacheze huku wanataja kilichomo. Hivi mtu atacheza bila kulipwa? Na akiandika uongo je?

Kolekole: Watacheza mkuu, hii kitu ilishafanyika. 2003 Luis von Ahn, Mguatemala aliyekuwa anasoma Carnegie Mellon kule Marekani, alitoa ESP Game. Watu wawili wasiojuana wanaletewa picha moja, hakuna kuchati, kila mtu anaandika maneno yake na wakigongana kwenye neno moja wanapata pointi, picha nyingine inakuja, wanakimbizana na picha 15 ndani ya dakika mbili na nusu. Neno walilogongana ndo linakuwa lebo. Ukiandika upuuzi unaumia mwenyewe maana mwenzako hawezi kuotea upuuzi huohuo. Miezi minne tu watu elfu 13 na ushee waliweka lebo zaidi ya milioni 1.2, bure kabisa! 2006 Google wakalichukua, wakalifunga 2011.

binti_tanga: Usisahau maneno marufuku. Picha ya changu kila mtu atakimbilia "samaki" maana ndo rahisi kugongana, sasa hiyo itakusaidia nini? Kwenye ESP neno likishakubaliwa linafungiwa kwa picha ile, wanaofuata inabidi wachimbe zaidi, wataje changu, mapezi, rangi. Kwangu mimi hapo ndo penye akili ya gemu lote.

Nyamera: Mi naona hata pointi si lazima. Watafiti wa wanyama wa mradi wa Snapshot Serengeti walifunga kamera 225 mbugani, mnyama akipita inajipiga yenyewe, mwisho wa 2012 wakaweka picha Zooniverse, tovuti ya watu kujitolea kusaidia utafiti, na watu zaidi ya elfu 28 wakajitolea kutaja huyu nyumbu, huyu pundamilia, wako wangapi, wanakula au wamelala. Picha moja wanaiangalia wengi, linachukuliwa jibu la wengi. Ukiingia ni nyasi, nyasi, nyasi, ghafla sikio la fisi pembeni, hutoki tena hapo. Ila watu wako wanatumia bando, punguza uzito wa picha kwanza.

mvuvi_data: Asanteni sana aisee. Sasa usiku mtu akikosa wa kucheza naye?

Kolekole: Unamchezesha na majibu ya mtu aliyecheza picha hizo zamani, ESP walifanya hivyo. Hifadhi na muda wa kila jibu ili yaje kwa mwendo uleule.