Miti imerudi, ardhi bado ngumu. Nimekosea wapi?

Mwana_Chamwino: Wakuu, nawasalimu. Mwaka wa nane sasa nalea visiki hai, yaani visiki vya miti iliyokatwa ambavyo bado vinachipua, kwenye ekari mbili za mzee. Sikupanda mti hata mmoja. Nilichagua machipukizi, nikapogolea, nikalinda. Leo migunga imenipita kimo, mchana napumzika kivulini. Kinachoniuma ni ardhi. Mvua ya kwanza ya Desemba iliteleza juu kama kwenye sakafu, ikaishia korongoni. Kivuli kipo, mbona udongo haujapona? Nilime?

Mrangi_wa_Haubi: Usilime mkuu, utakata mizizi. Huku Kondoa mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Nyasi zilirudi upesi, kisha vichaka, kisha miti. Makorongo yapo hadi leo. Kisiki kina akiba mizizini, ndiyo maana kinawahi. Udongo wa juu ukishachukuliwa na maji hauna akiba popote. Unajengwa upya kwa majani yanayooza, na kwa mvua ya Dodoma, milimita 500 na kitu kwa mwaka, kuoza kwenyewe kunasubiri masika. Hesabu miongo, si miaka.

Bi_Mkole: Mwanangu, majani yanayodondoka yanakwenda wapi?

Mwana_Chamwino: Shikamoo mama. Tunafagia na kuchoma, nyumbani wanaogopa nyoka.

Bi_Mkole: Marahaba. Basi chakula cha udongo ndicho mnachochoma. Yaacheni. Matawi mnayopogoa yalazeni penye upara, yakinge majani na kuzuia mbuzi. Mchwa watakuja, msiwaue: vijitundu vyao ndimo maji yanamopita. Wala usingoje matawi yafunge anga yote. Pori letu kavu lina nafasi wazi kwa asili yake, na nyasi zinataka jua. Mizizi yake ndiyo inayoshika udongo wa juu. Ukitaka kujua kama unapona, kata kitako cha kopo la rangi libaki wazi juu na chini, lididimize kidogo ardhini, mimina lita moja, hesabu dakika. Pima chini ya mti, kisha penye upara. Rudia kila mwaka kabla ya mvua.

Mwana_Chamwino: Nimepima jioni hii. Chini ya mgunga mkubwa lita imezama kwa dakika 6. Penye upara dakika 25 zimepita na maji bado yanang'aa koponi. Nilipochimbua kwa kidole pale mgungani nikakuta udongo mweusi, unene wa kucha tu, una harufu ya mvua. Sikuwahi kuinama kutazama. Asanteni sana. Tumekubaliana nyumbani: tutafagia njia ya kupita tu.