Majike watatu wa shepadi nyumbani, kila anayepiga simu anataka watoto tu. Nifanyeje?

Mama Shepadi:
Wakuu habari za jioni.

Mimi na wenzangu wanne hapa Dar tunachukua mbwa aina ya jemani shepadi ambao wenyewe wamewachoka. Hatuna ofisi wala banda la maana. Kila mmoja analaza kwake anaowaweza, na hela inatoka mifukoni. Mgeni kamaliza mkataba anarudi kwao, mpangaji kahamia kwa mwenye nyumba asiyetaka mbwa, au muuza watoto wa mbwa ana jike aliyezaa mpaka matiti yanaburuza, sasa hamwingizii kitu. (Mbwa koko nao wanateseka, najua, msinirukie. Tulianza na shepadi kwa kuwa mmoja wetu anawajua, na watu watano hatuwezi mbwa wa jiji zima.)

Nikiweka picha ya dume, kimya. Nikiweka ya jike, simu haipoi. Swali la kwanza ni hilohilo: "Kafungwa kizazi?" Nikisema lazima afungwe kabla hajatoka kwetu, mtu anakata. Jana mmoja kanitajia laki nne nimwachie jike kabla hajafanyiwa. Nikiri tu, nilifikiria, maana tuna deni kwa daktari. Mtu mmoja tu wa Mbagala alitaka dume kwa dhati, mkewe akakataa kwa ajili ya najisi.

Halafu kuna Zawadi, umri kama miaka miwili. Karudishwa mara mbili. Anamaliza sufuria ya dona na dagaa, lakini mbavu zake unazihesabu ukiwa getini. Kinyesi ni kingi, laini, kimepauka, kina mafuta, na usipowahi kukizoa anakila mwenyewe. Dawa ya minyoo kapewa mara tatu. Familia ya mwisho ilisema mbwa ana pepo. Mwenzetu mmoja anashauri apigwe sindano ya mwisho. Mimi roho inakataa, ila mfuko nao umetoboka.

Mzee wa Goba:
Niliwahi kuuza watoto wa mbwa, kwa hiyo nisikilize. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, jike anaingia joto kama mara mbili kwa mwaka. Huyo wa laki nne hela yake inarudi uzao wa kwanza tu, na akimchosha atakuletea tena wewe umtunze. Funga kizazi kwanza, picha baadaye.

Usimpe mtu bure kabisa. Mwonyeshe risiti ya upasuaji na ya chanjo ya kichaa, achangie. Na nenda kwake kabla ya kukubali. Usiangalie sebule, angalia uwanja. Ukiona duara la ardhi tupu limezunguka mti, hapo kuna mbwa anakaa kwenye mnyororo usiku na mchana. Aga, ondoka.

Kitasa:
Watu hawana ada za watoto, nyie mnahangaika na mbwa. Nchi hii!

Sindano:
Kitasa pisha kidogo.

Mama Shepadi, kwa maelezo hayo kitu cha kwanza ningekishuku ni kongosho. Shepadi wanaongoza kwa ugonjwa huu na wanarithi. Kongosho likikosa vimeng'enya vya kusaga chakula, chakula kinapita tu. Ndiyo maana anakula kwa fujo na anakonda, mafuta yanatoka na kinyesi, na bado kinyesi anakiona chakula. Si pepo na si tabia mbaya.

Sijamwona, kwa hiyo usinishike shati. Kuna kipimo cha damu kinaitwa TLI, anapimwa akiwa hajala tangu usiku. Si kila kliniki inakifanya, piga simu uulize. Ikithibitika, kuna unga wa vimeng'enya wa kuchanganya katika kila mlo, ni ghali. Kuna njia ya maskini pia: kongosho bichi la ng'ombe aliyekaguliwa. Katakata, weka kama gramu 50 hadi 100 kwa mlo, gawa vifungu, gandisha. Usilipike, moto unaua kinachotakiwa. Ngozi za kuku na mafuta punguza. Mwulize daktari pia kuhusu sindano za vitamini B12, wengi wao huwa nayo chini. Haponi, ila ananenepa na anaishi. Na huyo hata kwa milioni asizalishwe.

Abuu Salim:
Kuhusu yule wa Mbagala. Mbwa wa ulinzi ana ruhusa yake. Kwetu Washafii kazi iko kwenye mate na unyevu: kilichoguswa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Banda likae mbali na mlango, awe na chombo chake, maji ya kuoshea banda yasikatize njia ya watu. Mimi ninaye dume mwaka wa tatu. Mwambie huyo bwana aje na mkewe waone banda langu. Wakikwambia hapana tena, basi, usiwalazimishe.

Bint Tanga:
Ongezeni karatasi ya makubaliano: hauzwi, haachwi, akikushinda anarudi kwenu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, lakini usitegemee kituo cha polisi kiamke usiku kwa ajili ya mbwa. Karatasi yenye sahihi ya mjumbe inamwogopesha mtu zaidi.

Mama Shepadi:
Nawarudishia majibu. Majike wote watatu wameshafungwa, deni limeongezeka. Wa laki nne nimemzuia. Abuu Salim nimekutumia ujumbe wa faragha.

Zawadi kachukuliwa damu Jumatatu, majibu bado, ila daktari kasema tusisubiri. Nilikwenda Vingunguti machinjioni alfajiri. Kijana alicheka sana: "Mama, hiyo kitu hakuna anayeiuliza." Kanipa mfuko mzima kwa hela ya soda. (Kitasa, umesikia bei?) Leo siku ya tano. Kinyesi kimeanza kushikana, na jana kwa mara ya kwanza kabakiza chakula kwenye bakuli akaenda kulala.

Vifungu vimo kwenye friza, chini ya samaki. Mzee wa nyumba bado hajajua ni nini.