Sitaha (sakafu ya juu) ya boti inanyanyuka waya wa pili wa mbele ukikazwa, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Boti ya matanga ya futi 34, fibaglasi yenye mbao nyepesi ya balsa katikati. Waya wa pili wa mlingoti, wa tanga dogo la dhoruba, umefungwa kwenye yu-bolti (bolti ya umbo la U) nyuma kidogo ya omo, yaani ncha ya mbele ya boti. Ukikazwa, sitaha inanyanyuka kama milimita 4 na waya unalegea. Balsa iliyooza nimeichimbua, nikajaza gundi nzito ya epoksi, nikatoboa upya na kuweka chini bamba la chuma cha pua la milimita 6. Maji yamekoma kupenya. Kunyanyuka bado, maana bamba linatawanya mzigo tu, haliufikishi kwenye bodi, yaani mwili wa boti.

Nataka kuongeza nondo ya milimita 10 kutoka kwenye bamba kushuka chini. Niishikize kwenye ukuta wa plaiwudi wa chumba cha nanga, au kwenye kishikio cha fibaglasi kilichojengwa juu ya bodi yenyewe? Na isipokaa mstari mmoja na waya, bado itafaa?