Nitatofautishaje mvuto, mapenzi na nia ya kudumu baada ya miaka mitatu ya kuishi pamoja?

Binti wa Kirumba ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, naombeni mawazo yenu katika jambo ambalo nimeshindwa kulitatua peke yangu. Mimi ni muuguzi, naishi Mwanza, na kwa miaka mitatu sasa nakaa nyumba moja na mwanamume ninayempenda, bila posa wala ndoa. Hapo mwanzo nilikuwa nikisikia pikipiki yake ikiingia uani moyo unanienda mbio. Siku hizi akifika nampokea mzigo, tunaulizana habari za kutwa, kisha kila mmoja anaendelea na shughuli zake. Hatugombani. Mwaka jana nilipolazwa kwa malaria alilala kwenye kiti cha wodini hadi niliporuhusiwa, na dada zangu humtaja hadi leo kwa wema huo.

Hata hivyo, mambo mawili yananinyima usingizi. Kazini amehamia mwenzetu mmoja ambaye akisimama karibu nami nasikia tena ule mshtuko wa zamani, nami najiuliza kama hiyo ndiyo dalili kwamba mapenzi ya nyumbani yamekwisha. Tena, kila ninapomwomba mwenzangu aje kujitambulisha kwa wazazi wangu Musoma, anasema tusubiri mambo yakae sawa kwa kuwa mahari ya kwetu ni ng'ombe wengi. Mama yake anapopiga simu hutoka nje kuongea, na niliwahi kumsikia akinitaja kuwa mimi ni jirani. Tumenunua kiwanja kwa fedha zetu wote wawili, lakini mkataba wa mauziano ulioandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa una jina lake pekee. Je, huyu ananipenda au amenizoea? Na mimi je?

Mshauri wa Dodoma amejibu:

Dada, pole kwa mzigo huo. Kazi yangu ni ushauri nasaha kwa wachumba na wanandoa, na swali lako nakutana nalo mara nyingi, kwa hiyo niruhusu nianze na huyo wa kazini, ambaye naona ndiye jambo jepesi zaidi.

Mshtuko wa kupenda una upande wa mwili. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pisa nchini Italia, wakiongozwa na Donatella Marazziti, walipima damu ya watu waliokuwa ndio kwanza wameingia katika mapenzi, wakakuta kwamba kipimo kinachohusiana na serotonini, kemikali inayosaidia kutuliza fikra, kilikuwa chini kwao kama kilivyokuwa kwa wagonjwa wanaosumbuliwa na mawazo ya kujirudiarudia wasiyoweza kuyazuia. Baadhi yao walipopimwa tena baada ya miezi 12 hadi 18, hali ilikuwa imerudi kuwa ya kawaida. Kundi lililopimwa lilikuwa dogo na hatupaswi kulibebesha kila kitu, lakini linalingana na ninayoyaona kazini: hakuna mtu anayeishi miaka mingi katika moto ule wa mwanzo, na anayeuhesabu kuwa ndiyo mapenzi yenyewe atahama kila unapopoa. Huyo mwenzako wa kazini hujawahi kuuguliwa naye, hujadaiwa kodi ya nyumba pamoja naye, wala hujamwona akiwa na hasira. Unachokisikia ni mvuto wa kweli, ila haujui chochote kuhusu tabia yake.

Mwanasaikolojia wa Marekani Robert Sternberg, katika nadharia aliyoitoa mwaka 1986, aliyagawa mapenzi katika mambo matatu: ukaribu, shauku na uamuzi wa kudumu. Ukaribu mnao, na kile kiti cha wodini ni ushahidi wake. Shauku imepungua, nayo huweza kufufuliwa watu wakitengeana muda. Kinachokosekana kwenu ni hilo la tatu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani kwamba mawili ya kwanza yakikaa muda mrefu yatalizaa lenyewe. Mtu anaweza kuwa mwema kwako miaka kumi bila kuwa ameamua lolote.

Kuhusu mazoea, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, Caryl Rusbult, alionyesha kwamba kinachomfanya mtu abaki katika uhusiano ni kuridhika kwake, uzito wa njia nyingine alizo nazo, na vile alivyokwisha kuviweka humo: muda, mali, watoto, marafiki wa pamoja. Ndiyo maana wapo wanaobaki hata pale furaha ilipokwisha. Kwa hiyo kubaki kwenu pamoja miaka mitatu hakuthibitishi mapenzi wala hakuyakanushi. Jiulize hivi: kama kiwanja kile kisingekuwapo, na kama ungekuwa na chumba chako mahali pengine, ungemchagua tena leo?

Bi Mkubwa wa Pangani amejibu:

Mwanangu, nimemsoma mshauri na nashukuru kwa elimu yake, lakini naona amepita haraka mno kwenye neno zito kuliko yote uliyoyaandika. Mwanamume anayekuita jirani mbele ya mama yake amekwisha kufanya uamuzi, hata kama hajakwambia. Sisemi ni mtu mbaya. Aliyekesha wodini ana moyo, na moyo huo usiudharau. Lakini huruma ya mtu kwako na utayari wake wa kusimama na wewe mbele ya watu wake ni vitu viwili, na cha pili hakipimwi usiku wa ugonjwa.

Habari ya ng'ombe isikutishe. Huku kwetu pwani mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, anaitaja yeye, na sehemu yake huweza kubaki deni. Bara nako nimeozesha, nikaona wazee wakipokea kilichopo na kukubaliana kuhusu kilichosalia. Kazi ya mshenga ni hiyo: kwenda kuzungumza, kupunguziwa, kuomba muda. Asiye na ng'ombe hupeleka barua ya posa na maneno ya adabu, na barua haihitaji zizi. Asiyepeleka hata barua asisingizie ng'ombe.

Nawe nikuulize, umemwambia waziwazi kwamba unataka ndoa, au umekuwa ukimdokeza tu ukisubiri akuelewe? Mwambie, mkiwa mmekaa, bila kelele. Huyo wa kazini mpishe kwa sasa. Ukiamua jambo kubwa huku moyo unakwenda mbio kwa mtu mwingine, hutajua ni nini kilichoamua.

Msaidizi wa Sheria amejibu:

Nitaongeza upande ambao haujaguswa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi katika hali iliyowafanya watambulike kuwa mume na mke, itadhaniwa kwamba wamefunga ndoa, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Wengi hushika ile miaka miwili na kusahau maneno yanayofuata. Kutambulika na watu ndiyo nguzo, na hapo ndipo neno "jirani" linapokuumiza kisheria pia. Hata dhana hiyo ikipingwa, mahakama bado inaweza kutoa nafuu, ikiwamo matunzo na mgawanyo wa mali.

Sheria hiyo hiyo haiifanyi ndoa kuwa batili kwa sababu tu mahari haijalipwa, kwa hiyo upungufu wa ng'ombe haujamfungia mlango wowote wa kisheria. Hata hivyo, ndoa yenyewe ni lazima iwe ya hiari ya pande zote mbili, na hakuna hakimu anayeweza kukupatia hiari ya mtu.

Kiwanja kisisubiri. Tafuta kumbukumbu za fedha ulizotoa, iwe ni taarifa ya benki au ujumbe wa kutuma fedha kwa simu, uzihifadhi mahali pako, kisha mwombe mwandikishane upya mkiwa wawili mbele ya mashahidi wale wale.

Binti wa Kirumba:

Shikamoo Bi Mkubwa, na asanteni nyote. Ni kweli nimekuwa nikimdokeza tu. Swali la mshauri nimelifikiria usiku kucha na jibu langu ni ndiyo, ningemchagua tena, lakini simchagui akiwa amenificha. Jumamosi hatuna zamu wala safari. Nitamwomba mambo mawili: anitambulishe kwa mama yake kwa jina langu, na jina langu liingie kwenye mkataba wa kiwanja. Kwa barua ya posa nitampa muda hadi baada ya mavuno, kwa kuwa wazazi wangu huwa na nafasi wakati huo. Akikataa hayo mawili ya kwanza, ambayo hayahitaji ng'ombe hata mmoja, nitahamia kwa dada yangu. Msaidizi wa Sheria, nikiwa na jumbe za simu pekee, bila risiti, zitanifaa?

Msaidizi wa Sheria:

Zitafaa, mradi usizifute na usibadilishe laini. Omba pia taarifa ya miamala kwa kampuni yako ya simu, na mwandike shahidi yeyote aliyekuwapo siku mlipolipa.